Mdosi Yuko Bize Lakini Kila Jumatatu Ameposti: Vile AI Inajengea Wakubwa Jina, na Mahali Wewe Unaingilia

Fungua LinkedIn Jumatatu saa moja asubuhi ukiwa kwa mat. Mdosi wa benki ameposti. Mdosi wa bima ameposti. Yule wa kampuni ya sola pia ameposti, na yake inaanza na sentensi fupi, halafu nafasi, halafu sentensi ingine fupi, halafu karoketi kanapaa mbinguni. Wote wamejifunza kitu wikendi. Wote wako na mafunzo matatu ya uongozi. Na wote, manze, wanaongea na sauti moja ni kama walilelewa na mathee mmoja.

Wewe unajua na sisi tunajua. Hao wasee hawakuamka saa kumi alfajiri kuandika. Mtu ako na mikutano minane kwa siku, bodi inamngoja, KRA inamngoja, na Jumamosi ako na harambee ocha. Kuna AI mahali hapo ndani. Hatujakuja kuchoma mtu, ju kutumia AI si dhambi. Shida ni vile wengi wanaitumia. Na hii story iko na watu wawili: mdosi mwenye anataka jina, na yule kijana wa ofisini ama wa kwa keja mwenye anaambiwa "nitengenezee ka-posti kazuri", akimaliza analipwa na asante. Kama wewe ndio huyo wa pili, kaa hapa. Tukuchanue.

Jina ni la nini kwani?

Hii maneno ya mtu kujiuza ka brandi si ya jana. Mwaka wa 1997 mwandishi Mmarekani anaitwa Tom Peters aliandika kwa gazeti la Fast Company kwamba kila mtu ni kampuni, na mkubwa wa hiyo kampuni ni yeye mwenyewe. Hapo LinkedIn hata haikuwa imezaliwa. Ilikuja kufunguliwa Mei 2003, na 2016 Microsoft wakainunua dola bilioni 26.2. Hiyo si pesa ya kuangalia CV za watu tu. Kwa maoni yetu, walikuwa wananunua ramani ya nani anafanya wera wapi na nani anajua nani.

Kwa mdosi hesabu ni rahisi. Ukurasa wa kampuni hakuna mtu anausoma, hata wafanyakazi wake wanabonyeza laiki ju HR anaangalia. Lakini mtu akiongea kama mtu, watu wanasimama kusikiza. Mwekezaji akitaka kukutana na wewe anakutafuta mtandaoni kwanza. Mresh mwenye ameitwa intavyu kwako anataka kujua kama wewe ni mtu wa kupigia wafanyakazi makelele. Mwandishi wa habari akitaka mtu wa kuelezea bei ya mafuta atapigia yule ameshaona akiongea kitu ya maana.

Hapa Kenya tulikuwa na mwalimu wa hii kitu, na hakuwahi guza ChatGPT. Bob Collymore aliongoza Safaricom kutoka 2010 mpaka alipoaga Julai 2019. Watu hawamkumbuki na ripoti za faida. Wanamkumbuka na jazz, na vile alisimama na watoto wa Ghetto Classics wa Korogocho, na vile mwaka wa 2015 alisimama hadharani akataja mali yake yote, kitu wakubwa wengi wa hii nchi hawawezi jaribu hata ukiwapa doh. Hebu jiulize: ni programu gani ingemwandikia hiyo? Hakuna. Programu ingeandika tu maelezo. Kufanya ilibidi afanye mwenyewe. Weka hiyo kwa akili tukiendelea.

Mbona posti zote zinafanana

Kitambo mdosi akitaka kuandikiwa alienda kwa kampuni ya PR, ama akatafuta msee wa kumwandikia chini ya maji. Nairobi imejaa hao. Kuna watu wamesomesha ndugu zao na kuandika vitu zenye majina ya watu wengine. Halafu tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT ikafunguliwa kwa kila mtu, na wadosi wakaona bei imeshuka mpaka sufuri.

Sasa elewa hiyo mashine inafanya aje, ju ukielewa hapo mengine ni rahisi. Imesomeshwa maandishi mob sana, na kazi yake ni kukisia kipande gani cha neno kinafuata. Ukiiambia "andika posti kuhusu uongozi", inakutolea kile watu wengi wangeandika kuhusu uongozi. Wastani. Ugali bila mboga. Mdosi wa Westlands akiiuliza, na mdosi wa Mombasa akiiuliza, na mdosi wa Toronto akiiuliza, wote wanapewa ugali wa sufuria moja. Haijui mdosi wako. Haijui kwamba alianza na kuuza viatu Gikomba. Haijui kwamba wiki jana alikosea mteja akaomba msamaha. Haina kitu ya kusema, so inasema zile vitu zimeshasemwa.

Na kuna kitu inachekesha kwa Mkenya. Ile lugha ya AI ya kujipamba, maneno mazito, kila kitu imepangwa tatu tatu, si inakukumbusha insha za KCPE? Kuna Wakenya wameanza kuambiwa maandishi yao ni ya roboti na ni vile tu walifundishwa kuandika na mwalimu mwenye kiboko. Tena Januari 2023 gazeti la TIME liliandika kwamba wasee wa hapa Nairobi ndio walikuwa wanasafishia OpenAI matope, wakisoma na kutia alama maandishi machafu kabisa, na wengine walikuwa wanapata chini ya dola mbili kwa saa. Kwa hivyo tuko ndani ya hiyo mashine kitambo. Hiyo ni story ya siku ingine, na ni noma.

Dakika kumi za mdomo

Sasa kazi yenyewe. Wale wanafanya hii kitu fiti hawaanzi na AI. Wanaanza na mdomo wa mdosi.

Mdosi hana nafasi ya kuandika, lakini kuongea anaongea siku mzima. Ako kwa gari Waiyaki Way, jam imeshika, simu iko mkononi. Hapo ndio unamshika. Unamtumia swali moja kwa WhatsApp, anakujibu na ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Maswali matatu kwa wiki, dakika kumi, imeisha. Lakini swali ndio kila kitu. Usimuulize "maoni yako kuhusu uvumbuzi ni gani?" Atakujibu ka brosha. Muulize: wiki hii nini ilikukasirisha? Ni uamuzi gani ulifanya na wenzako wakaona umewehuka? Mteja alikuuliza nini ukakosa jibu? Ni kitu gani ulikuwa unaamini miaka mitano iliyopita na saa hii huamini tena?

Tuseme uko na mdosi wa kampuni ya malori, inabeba maua kutoka Naivasha hadi JKIA. Mfano tu, usianze kumtafuta. Ukiambia AI "andika posti kuhusu umuhimu wa kuamini timu yako", utapata hii, tumeigeuza tu kutoka Kizungu:

"Katika dunia ya leo inayobadilika kwa kasi, uaminifu si chaguo, ni msingi. Kiongozi bora huinua wengine. Je, wewe unaiamini timu yako?"

Hiyo hata yeye mwenyewe hawezi soma mara mbili. Sasa umuulize swali la nini ilimkasirisha. Anakutumia voisi akiwa kwa gari, honi zinalia nyuma:

"Aah, Alhamisi friji ya lori ilizima pale Kinungi. Maua iko ndani, ndege ni saa nne usiku. Dereva ananipigia nikiwa mkutanoni, sishiki. Amenipigia mara sita! Mwishowe akaongea na dereva wa kampuni ingine, wakahamisha masanduku kando ya barabara, akamlipa na pesa ya mfuko wake. Maua ikafika. Mimi nikaona aibu, ju huyo mtu alikuwa anangoja ruhusa yangu ya kuokoa mzigo wangu. Siku hizi dereva yeyote anaweza tumia hadi elfu ishirini bila kuniuliza. Aniletee risiti tu."

Umeona? Hiyo ndio posti. Iko na mahali, iko na mtu, iko na aibu, iko na namba, na mwisho kuna kitu kampuni ilibadilisha. Kazi ya AI hapa ni ya kinyozi tu: kunyoa, si kuota nywele. Unachukua sauti, unaigeuza maandishi na programu ya kunakili, halafu unaipea AI maagizo makali. Kitu ka hii: "Haya ni maneno ya mtu akiongea. Yapange yasomeke kwa maneno 150. Tumia tu mambo yaliyo hapa ndani. Usiongeze namba, jina, hisia wala funzo la mwisho. Acha maneno yake vile alivyoyasema. Mahali hapaeleweki, niulize, usibuni."

Hiyo sentensi ya mwisho ndio dhahabu. Usipoiweka itabuni, na itabuni na ujasiri wa kondakta akikwambia gari imejaa imebaki mtu mmoja. Mwaka wa 2023 mawakili wawili New York walipeleka kortini kesi zenye ChatGPT ilikuwa imetunga, hazikuwahi kuwa duniani, na jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili. Sembuse wewe unaharakisha posti ya saa moja asubuhi?

Kwa hivyo drafti ikitoka, unarudi kwa ile voisi na unalinganisha. Alisema mara sita ama saba? Alisema Alhamisi ama Ijumaa? Yule dereva anajua anaandikwa? Muulize, na umuulize pia kama anataka jina lake litajwe. Na hiyo kampuni ingine iliwasaidia, je, mdosi wao atafurahi ama dereva wake atafutwa ju alisaidia adui? Hizi vitu AI haiwezi jua. Wewe unajua, ju unaishi hapa.

Programu za kunakili sauti pia usiziamini sana. Whisper ya OpenAI, yenye ilitoka 2022, inajua Kiswahili kiasi. Lakini mdosi Mkenya haongei Kiswahili, haongei Kizungu, anaongea zote mbili na kalugha ka nyumbani katikati ya sentensi moja. Hapo mashine inapotea njia. Soma kila mstari ukisikiza.

Ile karatasi ya sauti

Ukishapata voisi kumi hivi, tengeneza karatasi moja ya vile huyo mtu anaongea. Anapenda sentensi fupi ama ndefu? Anatania? Anasema "mimi" ama "sisi"? Ni maneno gani hawezi sema hata ukimshikia bunduki? Hizo za mwisho ziandike zote, na uambie AI zisitokee. Karatasi yenyewe usiifanye kubwa ka katiba. Weka na vipande vitatu vya maneno yake halisi, ju AI inaiga mfano haraka kuliko inafuata maelezo.

Na swali la lugha: lazima iwe Kizungu? LinkedIn ya Kenya imeamua hivyo bila mtu kupiga kura. Sisi tunaona mdosi mwenye anauzia mama mboga, boda na fundi, halafu anawaandikia Kizungu cha Harvard, anajiongelesha. Posti moja ya Kiswahili kwa wiki haiwezi muua. Lakini akianza Sheng na hajawahi kuiongea, mkataze. Tafadhali. Kuna mzee mahali alijaribu na mtandao ukamla mbichi.

Vitu hazifai kuingia kwa hiyo mashine

Hapa ndio kijana mdogo anaweza lala ndani ju ya mdosi. Unapewa ripoti ya bodi ndio "uchukue mawazo", unaibandika yote kwa chatiboti ya bure. Umeshaitoa nje ya kampuni. Mwaka wa 2023 wafanyakazi wa Samsung waliweka siri za kampuni kwa ChatGPT, hadi kodi ya programu zao, na Mei hiyo mwaka Samsung wakawafungia hizo vifaa. Hao ni mainjinia, si watu wa mtaani.

Kenya iko na sheria ya kulinda data tangu 2019, na ofisi ya kamishna wa data si ya mapambo. Septemba 2023 klabu ya Casa Vera ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 ju iliposti picha ya mtu akijienjoy bila ruhusa yake. Sasa fikiria mdosi anataka kuposti picha ya mteja, ama ya wafanyakazi wakila keki, ama anataka AI imtengenezee story na jina la mgonjwa fulani. Ruhusa kwanza, na iwe imeandikwa. Majina, namba za simu, mishahara, dili hazijatangazwa: toa zote kabla hujabandika chochote. Kama kampuni imeorodheshwa kwa soko la hisa, drafti yoyote yenye inagusa faida ipitie kwa wakili. Hapo usijifanye shujaa.

Akijitengeneza yeye mzima

Kuna wenye wameamua kuandikiwa haitoshi, wanataka AI iwe wao. Aprili 2024 Reid Hoffman, mmoja wa waanzilishi wa LinkedIn yenyewe, alitoa video akihojiwa na pacha wake wa AI. Huyo pacha alisomeshwa vitabu vyake, hotuba na podikasti za miaka ishirini. Mei 2025 mkubwa wa Klarna, Sebastian Siemiatkowski, alituma pacha wa AI kusoma matokeo ya kampuni, na Eric Yuan wa Zoom akafanya karibu kitu hiyo hiyo wiki hiyo hiyo. Angalau walisema wazi ni AI. Hiyo ndio tofauti ya sarakasi na wizi.

Ju upande wa pili wa hiyo sarafu ni ngori. Mwaka wa 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, huko Hong Kong, aliingia kwa mkutano wa video, akaona mkubwa wake wa pesa na wenzake wakiongea, akatuma karibu dola milioni 25. Wote kwa hiyo skrini walikuwa wameundwa na AI. Mei mwaka huo huo mkubwa wa WPP, Mark Read, aliigwa sauti na wakora waliojaribu kushika mmoja wa wakubwa wa kampuni, lakini huyo akachanuka.

Unaona shida iko wapi. Kadiri mdosi anaweka sauti na sura yake mtandaoni ndio ajenge jina, ndio anawapea wakora malighafi. Na hapa kwetu mkora hahitaji mkutano wa video. Voisi moja tu kwa WhatsApp, "niko mkutanoni, tumia huyu supplaya elfu themanini haraka, nitakurudishia", na kijana wa akaunti anatetemeka anatuma. M-Pesa itakuonyesha jina la mwenye namba kabla utume, lakini haitakwambia kama hiyo sauti ni ya mdosi kweli. Kwa hivyo ofisi yoyote yenye mdosi wake ni maarufu iweke sheria: maagizo ya pesa hayakubaliwi na voisi, unampigia kwa namba yake ya kawaida, na muwe na neno la siri lenye halijawahi andikwa mahali. Ni kitu ya kizamani lakini inashika.

Komenti ajibu mwenyewe

Kuna programu zinauzwa za kukuwekea komenti kwa posti za watu wengine ukiwa umelala. "Mawazo mazuri sana, asante kwa kushiriki." Kila mtu anazinusa. Mtu amefiwa na babake, ameandika, na roboti yako inamwambia "safari ya kutia moyo kweli". Unataka kueleza hiyo aje?

Hata LinkedIn wenyewe waliona watu wanaogopa. Juni 2025 mkubwa wao, Ryan Roslansky, aliambia Bloomberg kwamba kifaa chao cha AI cha kuandikia watu posti hakijapendwa vile alidhani. Sababu aliyotoa ni ya maana: hapo ni ka CV yako mtandaoni, ukichekwa hapo unachekwa mbele ya watu wanaweza kukuajiri. TikTok ukichomeka unafungua akaunti ingine. LinkedIn mdosi wako wa kesho anaangalia.

Kwa hivyo dakika kumi za mdomo, na dakika tano za kujibu komenti kwa vidole vyake mwenyewe. Hizo tano haziuzwi.

Si hiyo ni uongo?

Swali zuri, na hatutaliruka. Marais wanaandikiwa hotuba tangu zamani na hakuna mtu analia. Mtu kusaidiwa na maneno ni sawa. Mtu kutungiwa maisha si sawa. Mstari uko hapo, na hauhitaji digrii. Kama friji haikuzima Kinungi, usiizimishe. Kama hakuomba msamaha, usimwombee.

Na hata ukweli uko na vile unaweza kuchoma. Agosti 2022, kabla hata ChatGPT ije, mkubwa wa HyperSocial, kakampuni ka Marekani, alifuta wafanyakazi wawili, akaposti LinkedIn selfi akilia machozi. Pengine alikuwa analia kweli. Lakini dunia ilimcheka hadi magazeti yakaandika, ju wenye wamepoteza wera ni wengine na kamera imeelekezwa kwake. Sasa ongeza AI hapo, mashine yenye inaweza kukuandikia huzuni ya aina yoyote kwa sekunde nne. Mdosi wako akikwambia "andika vile nilihuzunika kufuta watu", muulize kwanza hao watu walilipwa haki zao ama bado. Ukipata amekunja uso, umepata jibu.

Sasa wewe unaingilia wapi

Ukweli ni kwamba mdosi anaweza fungua AI mwenyewe. Kuandika posti haraka haiwezi kuwa kazi tena, na ukijiuza hivyo atakuacha. Kitu hana ni mtu wa kumuuliza maswali ya maana, wa kusikiza voisi, wa kuangalia kama ni kweli, na wa kumwambia "hii tusiposti, utachomeka". Hiyo ndio wera. Jiuze kwa mwezi, usijiuze kwa posti. Ukilipwa kwa posti utaanza kuandika mob bila maana, na yeye ataanza kuhesabu ka anahesabu nyanya.

Ukitaka kuanza bila jina, tafuta mdosi wa kati: mwenye shule, daktari wa meno, mama mwenye ana maduka matatu ya vipuri Kirinyaga Road. Hao wako na story kali kuliko wale wa majengo ya vioo, na hakuna mtu amewauliza. Fanya mwezi mmoja, posti nne tu. Usihesabu laiki, laiki ni za marafiki. Hesabu nani alipiga simu, nani aliulizia bei, nani alimtambua kwa mkutano akasema "nilisoma ile ya dereva".

Makubaliano yaandikwe hata kama ni ukurasa mmoja. Weka malipo na tarehe. Weka kwamba hakuna kitu inatoka bila yeye kusema sawa, ili siku ya ngori asikuangushie. Nywila yake usiichukue, ju LinkedIn hawaruhusu mtu kupeana akaunti, na likitokea jambo la kwanza kuulizwa ni nani alikuwa ndani. Mtumie drafti, abandike mwenyewe, inamchukua sekunde kumi.

Halafu kuna kifungu watu wengi wanasahau. Baada ya mwaka utakuwa na masaa mengi ya sauti ya huyo mtu kwa simu yako, na karatasi ya vile anaongea, na pengine siri mbili tatu alizotoa akiwa kwa jam. Hizo ndizo mkora angelipia. Andikeni zitakaa wapi, nani mwingine anaweza zifungua, na mkiachana zitafutwa siku gani. Na kama amewahi kutengeneza pacha wa AI, andikeni pia nani anaruhusiwa kumuongelesha baada ya yeye kutoka hiyo kampuni, ju akaunti ataenda nayo, lakini pacha anaweza baki kwa kompyuta ya ofisi akingoja mdosi mpya.